Apu Idunde kwa Simu ya Mathe

Kwa kila grupu ya WhatsApp ya madevelopa hapa Nai kuna swali moja haikosangi: "Wadau, nianze na Kotlin ama Flutter?" Ikishatupwa hivyo, mbogi inagawanyika mara mbili, watu wanarushiana linki na kubishana hadi manane, na ule msee aliuliza analala kama hajaandika hata mstari mmoja. Swali si mbaya. Lakini si hiyo itaamua kama apu yako itaishi. Mwenye ataamua ni mathe flani pale Kayole, ako na simu ya miaka tatu nne, kioo imepasuka kona, memori imejaa picha za chama na video za wajukuu, na bando yake ya saa moja iko karibu kuisha. Apu ikifunguka kwa hiyo simu, apate kenye anataka, alipe na M-Pesa bila kubaki na maswali, umeweza. Isipofunguka, anaitoa ndio apate nafasi ya picha ingine, na harudi tena.

Hii risto yote naisimamisha hapo, kwa simu ya mathe, ju hiyo ndio soko yetu. Mtaani utaona Tecno, Infinix na itel kila kona, zote za kampuni moja ya Uchina inaitwa Transsion, na zingine za bei ya chini zinakuja na Android Go, ile Google ilitengenezea simu za RAM kidogo. Msee akijenga apu akiwa na simu mpya inameta na Wi-Fi ya nguvu, akitesti kwa hiyo simu tu, amejijengea yeye mwenyewe na mabeshte zake.

Ya lugha tuimalize chap chap. Kotlin ilitoka kwa JetBrains. Google iliikubali rasmi kwa Android 2017, na 2019 ikaiweka mbele ya Java. Flutter ni ya Google, inatumia lugha inaitwa Dart, toleo ya 1.0 ilitoka Desemba 2018, na utamu wake ni kwamba unaandika mara moja unapata Android na iPhone. React Native ilitoka Facebook 2015, inafaa mwenye tayari anajua JavaScript. Mimi naonaje? Ukidai wera ya ofisi, benki ama kampuni kubwa, shika Kotlin. Ukisaka maklayenti wadogo wenye wanadai simu zote mbili na doh ni ya moja, shika Flutter. Halafu kaa hapo mwaka mzima. Msee wa kurukaruka lugha kila mwezi anajuanga kuanza tu, kumaliza hajui. Na ya iPhone ujue mapema: inataka Mac ndio uendeshe Xcode, ama ukodishe mashine ya mbali kama Codemagic, na Apple wanaitisha dola 99 kila mwaka. Google ni dola 25, unalipa mara moja, basi. Ndio maana wengi wetu tunaanzia Android.

Swali ya pili ni ya lapi. "Hii ex-UK ya tao itatosha?" Itatosha kama iko na RAM ya 8GB na SSD. Ukipata ya 16GB utapumua. Kenye kinauanga lapi sana si Android Studio peke yake, ni emuleta, ile simu ya bandia inakaa ndani ya lapi na kumeza RAM yote. Achana nayo kama mashine yako ni ya kujikaza. Chukua simu ya ukweli, ingia settings, tafuta Build number, igonge mara 7 hadi simu ikuambie sasa wewe ni developa, washa USB debugging, chomeka kebo. Kutoka hapo apu inaingia kwa simu moja kwa moja kutoka kwa lapi. Ongeza scrcpy, ni ya bure, ilitoka kwa wasee wa Genymobile. Inachukua skrini ya simu inaiweka kwa lapi, unaigonga na mausi, na haikuitishi uiroot. Ukienda kuonyesha klayenti kazi kwa projekta, hiyo ndio itakuokoa.

Bando nayo ni ngori. Gradle, ile mtambo inaunganisha apu ndani ya Android Studio, mara ya kwanza inavuta malaibreri kwa neti hadi data inalia. Fanya hiyo bildi ya kwanza mahali kuna Wi-Fi ya bure, laibreri ama kituo ya Ajira Digital, ukirudi keja washa offline mode na uendelee na kazi bila kuchomwa. Na kama huna lapi kabisa, usikae tu. Kotlin Playground na DartPad zinafunguka kwa brauza hata ya simu, unaandika, unabonyeza, unaona jibu. Apu haitatoka hapo, lakini lugha itakuingia, na siku lapi itafika utakuwa mbele ya wengi.

Sasa tufike kwa nyama. Tool ya maana kushinda zote haiko kwa neti. Ni simu nzee. Enda Luthuli Avenue pale tao, ama uliza kwa ploti, tafuta Android moja ya RAM ya 1GB ama 2GB, ata kama betri imechoka. Hiyo ndio mwalimu. Apu yenye inateleza kama maji kwa simu yako itaingia hapo ianze kukwama, na kila mahali inakwama ni swali unafaa kujibu kabla mteja akuulize na nyota moja.

Chukua picha, kwa mfano. Mteja wa apu ya kuuza mitumba anapiga picha ya jaketi na kamera ya megapikseli 12. Faili yenyewe ni kama 3MB, unaona ni kidogo. Lakini simu ikiionyesha kwa skrini inaifungua yote, na kila pikseli inakula baiti 4. Milioni 12 mara 4 ni 48MB ya RAM kwa picha moja. Weka picha kumi kwa listi, simu ndogo inatupa OutOfMemoryError na apu inakufa. Kwa simu yako ya RAM kibao hutawahi ona hiyo kitu. Dawa yake iko: laibreri kama Coil ama Glide zinaisoma ile picha ikiwa tayari imepunguzwa itoshe kale kanafasi kake kwa skrini, na zinakumbuka zenye zilishafunguliwa. Na kabla uipandishe kwa seva, ipunguze kwanza kwa simu yenyewe, ju hiyo data ni ya mathe, ameinunua.

Uzito wa apu pia. Tangu Agosti 2021, apu mpya zinaingia Play Store zikiwa App Bundle, si APK, na Google inakatia kila simu kipande inahitaji tu. Washa R8 iondoe msimbo haitumiki, geuza picha zako ziwe WebP, toa fonti zile tatu uliweka ju zinapendeza. Ukitoka 40MB ukafika 12MB, kuna watu watakuinstoli wenye hawangekuinstoli. Na maandishi: watu wazima wengi wameongeza saizi ya herufi kwa settings. Ukipima maandishi na sp, kipimo chenye kinafuata hiyo saizi, na uachie mabatani nafasi ya kukua, skrini yako itashika. Ukifunga kila kitu kwa urefu moja, neno "Lipa" litakatika katikati, na hapo ndipo pesa yako iko. Ongeza folda ya values-sw, uandike maneno ya apu kwa Kiswahili cha watu. Hiyo ni kazi ya jioni moja, na inafungua mlango kutoka Mombasa hadi Mwanza.

Apu ikikufa, usibahatishe. Nimeona wasee wakibadilisha mstari huku na kule wakiomba Mungu, masaa yanaisha. Fungua Logcat chini ya Android Studio na utafute maneno FATAL EXCEPTION. Chini yake kuna mistari mob ya kutisha, usitoroke. Shuka hadi "Caused by" ya mwisho. Hapo kuna jina ya kosa, labda NullPointerException, maana yake umeitisha kitu haipo, ama NetworkOnMainThreadException, maana yake umeenda kwa neti ukitumia ile njia skrini inatumia kuchora. Halafu tafuta mstari wa kwanza wenye uko na jina ya paketi yako, si ya Android. Kwa mabano kuna jina ya faili na namba ya mstari. Kosa iko hapo ama jirani yake. Hiyo "Caused by" ndio unapeleka Stack Overflow, ama unaulizia AI, si picha ya skrini iliyopigwa na simu ingine imepinda. Na AI usiimeze mzima mzima. Inajua kuandika, lakini inaweza kukupea njia ya zamani yenye laibreri iliacha, na ukikosa kuelewa kenye umebandika, siku itavunjika utakuwa mgeni kwa nyumba yako.

Neti ikipotea je? Swali hii haiulizwangi vya kutosha, na mimi inanikera, ju neti inapotea kila siku. Mtu anaingia lifti, mat inapita mahali haina netiwaki, bando inaisha. Apu ya kuonyesha gurudumu ikizunguka milele haijaheshimu mtu. Weka data kwa simu kwanza. Room inakaa juu ya SQLite, databezi yenye imekuwa ndani ya Android tangu mwanzo. Skrini isome kutoka kwa Room, na neti iwe inajaza Room ikipatikana. Mteja akijaza fomu bila neti, ihifadhi na umwambie wazi: imehifadhiwa, itatumwa. Kazi ya kutuma iachie WorkManager, unaipea sharti kwamba ingoje neti, nayo inajaribu tena yenyewe hata kama simu ilizimwa ikawashwa. Jua tu mipaka yake: kazi ya kurudiarudia haiwezi kuwa chini ya dakika 15, na simu nyingi za bei ya chini ziko na settings kali za kuokoa betri zenye zinaua kazi za nyuma bila huruma. Kitu ya haraka, kama oda mpya kwa rider, isukume na Firebase Cloud Messaging badala ya kutegemea apu iwe macho.

Sasa doh. Hapa ndio wasee wengi wanachomekea, na nitakaa hapa kidogo.

Safaricom walifungua Daraja, ile API ya kuunganisha apu yako na M-Pesa, 2017, miaka kumi baada ya M-Pesa kuanza Machi 2007, na kenye kila mtu anataka ni ile STK Push, ile meseji inaruka kwa simu ikiitisha PIN. Unajisajili, unapata key na secret, unapewa paybill ya majaribio, 174379, unaanza kucheza. Kwanza unaitisha tokeni, inaishi saa moja. Halafu unatuma ombi: shotikodi (hiyo namba ya paybill), paswadi yenye ni shotikodi na passkey na saa vimeunganishwa vikapitishwa base64, namba ya simu, kiasi, na URL ya kolbaki, ile anwani ya seva yako yenye Daraja italetea matokeo. Kiasi iwe namba nzima, senti haikubaliki. Namba ianze na 254, si 07 wala +254, na kumbuka siku hizi kuna namba za 01. Utashangaa ni apu ngapi bado zinakataa wasee wa 01.

Sikia hii vizuri. Ukituma ombi, Daraja inakurudishia jibu lenye ResponseCode 0. Hiyo sufuri inamaanisha tu "ombi limepokelewa". Hakuna mtu amelipa. PIN hata haijaingizwa. Ukiandika apu yako iseme "Asante, umelipa" hapo, unagawa bidhaa bure, na siku ya kufunga hesabu klayenti wako atakutafuta. Malipo ya ukweli yanakuja baadaye kwa kolbaki, kwa seva yako, na hapo unaangalia ResultCode. Ikiwa 0, amelipa, na namba ya risiti ya M-Pesa iko ndani, ihifadhi. Ikiwa 1, salio haitoshi. 2001, PIN imekosewa. 1032, amekataa mwenyewe. 1037, simu haikufikiwa ama alikaa hadi muda ukaisha. Kila moja ya hizo inafaa maneno yake kwa skrini. Mtu wa salio ndogo haambiwi "kuna hitilafu, jaribu tena", anaambiwa salio haitoshi. Mwenye simu yake haikufikiwa anaambiwa afungue skrini ajaribu tena. Hizo sentensi nne tano zinapunguza simu za malalamiko kushinda kitu ingine yoyote unaweza andika.

Na kolbaki ikikosa kufika? Itakosa siku moja, ju seva yako italala ama neti itakatika njiani. Ndio maana wakati wa ombi unahifadhi CheckoutRequestID, ile ID inakuja na jibu la kwanza. Baada ya muda flani bila jibu, seva yako iulize Daraja yenyewe: hii ilienda aje? Na kolbaki ikifika mara mbili, hiyo ID ihakikishe unahesabu mara moja tu. Mtu akijua URL yako anaweza pia kukutumia kolbaki feki ya kusema amelipa, kwa hivyo usiweke URL rahisi ya kubahatisha, na kwa pesa kubwa uliza Daraja kwanza kabla uachilie mzigo.

Ukiwa bado unajenga kwa lapi, kolbaki haiwezi kufika ju lapi yako haina anwani ya nje. ngrok inakupea URL ya https ya muda yenye inaingia moja kwa moja kwa mashine yako, na Postman inakuwezesha kutuma maombi kwa mkono uone majibu kabla uandike hata skrini moja. Mimi naanzianga hapo kila wakati, na wewe uanze hapo. Lakini key na secret zikae kwa seva, zisiwahi ingia ndani ya apu. APK inafunguka. Kuna tool ya bure inaitwa jadx, unairushia APK, inakutolea msimbo unasomeka na paswadi zote zenye ulificha ndani. Mwanafunzi wa kwanza mwenye ako na jioni tupu atazipata. Usizirushe GitHub pia.

Wasee wengi wananiuliza kama apu inaweza kusoma SMS za M-Pesa ndio ijue mtu amelipa, wakwepe hiyo safari ya Daraja. Kwa Play Store hiyo njia imefungwa karibu yote. Google ilikaza ruhusa za SMS na rekodi za simu kutoka 2018, na bila kuomba na kuonyesha kwamba hiyo ndio kazi kuu ya apu, unakataliwa. Na hata kama ingekubalika, SMS za mtu ni maisha yake. Tuliona hapa vile apu za mikopo zilivuta kontakti za watu na kupigia mabosi na mashemeji zao wakidai deni. Hiyo ilikuwa aibu ya kazi yetu, kuna developa aliandika hiyo mistari. Sasa wakopeshaji wa kidijitali wanahitaji leseni ya Benki Kuu, na 2023 Google ikazuia apu za mikopo kugusa kontakti na picha. Sheria ya Kulinda Data iko tangu 2019, na kuna ofisi ya Kamishna ya kupeleka malalamiko. Kwa hivyo kabla uitishe ruhusa yoyote, jiulize kama apu inaweza kuishi bila hiyo. Mara nyingi inaweza.

Ramani pia nigusie, ju ni swali ya kila mtu anajenga kitu ya deliveri. Google Maps iko poa lakini inataka kadi ya malipo, na ikizidi inakula. OpenStreetMap ni ya bure, na mtaani iko na historia yetu. Kibera ilikuwa karibu tupu kwa ramani hadi 2009, vijana wa hapo walipofunzwa kutumia GPS wakapita vichochoro wakiichora wenyewe, mradi wa Map Kibera. Na mwaka wa 2014 ikatoka ramani ya Digital Matatus, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi na watu wa MIT na wenzao walipanda mat na simu mkononi wakarekodi steji, zaidi ya ruti 130, na data wakaiachilia bure. Hizo ni kazi za heshima. Ukipata steji imekosewa, irekebishe, usilalamike tu.

Halafu kuna klayenti. "Naitaka apu kama Uber, ni ngapi?" Usitaje bei hapo. Muulize maswali. Kama ya Uber ni vitu vitatu: apu ya abiria, apu ya dere, na dashibodi ya mwenye biashara. Akisikia hivyo mwenyewe anapunguza. Andikeni kenye kitafanyika kwa karatasi, hata ukurasa moja, uchukue depo kabla ufungue lapi, na malipo yaje kwa hatua. Andikeni pia nani atalipia seva, SMS na domeini kila mwezi, ju hapo ndipo urafiki unavunjikia. Na apu ya klayenti iingie kwa akaunti ya Play ya klayenti, kwa jina yake, wewe ukaribishwe kama mfanyakazi. Ukiiweka kwa yako, siku mtakosana wote mtakwama. Jina ya paketi ichaguliwe na akili pia, ju ikishapandishwa haibadilishwi kamwe. Ile ufunguo ya kupandishia matoleo ihifadhi mahali zaidi ya moja. Siku hizi ukiipoteza unaweza kuomba Google ikubali mpya, lakini ni siku za kungoja huku wateja wanalia.

Ya kupandisha yenyewe, akaunti ya kibinafsi iliyofunguliwa baada ya Novemba 13, 2023 iko na sharti: lazima upate watestaji wakae na apu siku 14 mfululizo kabla ufunguliwe soko. Walianza na watu 20, mwisho wa 2024 wakapunguza hadi 12. Wengine wananunua watestaji kwa neti. Usifanye hivyo, unatupa bahati. Hao watu kumi na wawili ndio nafasi yako ya kuenda kwa chama ya mathe, kwa vijana wa kanisa, kwa steji ya boda, ukae hapo uangalie kidole inaenda wapi bila kuwasaidia. Usiwaelekeze. Mahali kidole inasita, andika. Mahali mtu anauliza "sasa nifanyeje?", andika. Utarudi keja na kazi ya wiki nzima, na itakuwa kazi ya maana.

Ukikwama, usikae peke yako. iHub ilifunguliwa Ngong Road 2010 na kutoka hapo Nai imekuwa na mahali pa madevelopa kukutana. Leo kuna Android254, kuna Flutter Kenya, kuna droidconKE, na hapo utapata wasee wa Kotlin wa miaka mingi wenye watakuonyesha kosa yako bila kukuringia. Enda na swali imeandikwa vizuri: nilitaka hii, nikafanya hii, ikanipa hii, na "Caused by" ndio hii.

Apu ikishakuwa sokoni, weka Crashlytics, ni ya bure ndani ya Firebase, na uingie Android vitals kwa Play Console kila asubuhi, inakuonyesha ni modeli gani ya simu apu inafia sana. Apdeti usiitume kwa watu wote mara moja. Anza na asilimia tano ama kumi, ngoja siku mbili tatu, soma rivyuu zote na uzijibu, hata za matusi, ju ndani ya tusi mara nyingi kuna jina ya skrini yenye imevunjika. Ukiona modeli moja inakufa sana, simamisha hiyo apdeti, tafuta mtu mwenye ako na hiyo simu, chomeka kebo, fungua Logcat.